Umebadilisha Filta, na Sasa Gari Halitaki Kuwaka

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

 

Leo nazungumza na wewe unayeshika spana. Labda una gari, labda huna ila unatengeneza la mwenzako chini ya mti. Labda unachunga mashine ya kusaga mahindi pale kambini, au jenereta la kanisa. Kama linakunywa dizeli, maneno ya leo yanakuhusu. Sisi tuliotoka Kongo tunaiita mazutu. Hapa nitasema dizeli, tuelewane.

Sitafundisha servisi. Wengi mnaijua, na asiyejua akae kwanza karibu na anayejua. Nataka tuzungumze juu ya saa ile mbaya inayokuja baada ya servisi. Umebadilisha filta, umemwaga oili ya zamani, umetia mpya, umefunga boneti, umenawa mikono. Unazungusha ufunguo. Gari halitaki. Au linawaka, linakwenda mita mia mbili, linazima katikati ya barabara, na nyuma yako kuna lori linapiga honi.

Saa hiyo ndiyo pesa hupotea. Kosa lenyewe la kwanza mara nyingi ni dogo, mpira uliokaa vibaya au skrubu iliyolegea. Pesa hupotea kwa yale unayoyafanya nusu saa inayofuata, ukiwa na hasira, watu wamekuzunguka, kila mmoja na ushauri wake.

Nitawapa mfano wa Nsambya, Kampala. Wengi wenu mnaijua Nsambya. Ulipelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, au ulikwenda kituo cha Jesuit Refugee Service, au una ndugu aliyepanga chumba huko. Barabara ya Ggaba inapita hapo, na Katwe, kule wanakochomelea vyuma usiku na mchana, haiko mbali. Vijana wakimbizi wengi wanajitafutia riziki mjini kwa kufungua magari pembeni mwa barabara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kwa hiyo kwa hilo hakuna la kujificha. Wanachokosa ni mtu wa kuwaelekeza siku mambo yakiharibika.

Kijana mmoja wa kutoka upande wa Uvira, ambaye ameniomba nisimtaje jina, alipewa Hiace ya zamani ya dizeli aifanyie servisi. Mwenye gari ni mama wa Bukavu anayebeba mboga na wachuuzi alfajiri. Jioni kijana alibadilisha oili na filta ya dizeli. Akawasha. Likawaka vizuri, likanguruma, akalizima akaenda kulala akiwa na furaha.

Asubuhi gari likawaka kidogo, likatetemeka, likazima kabla halijafika mbali.

Akapiga stata. Akapiga tena. Akashikilia ufunguo mpaka stata ikaanza kulia kwa uvivu na taa za dashibodi zikafifia. Betri imekwisha. Wakaja watu kusukuma, wakasukuma mpaka kona, hakuna kitu. Mmoja akasema pampu imekufa. Mwingine akasema nozeli. Wa tatu, na huyu hakosekani popote, akaja na petroli kwenye chupa ya soda, akasema fungua filta ya hewa tuimwagie humo, itashtuka iwake.

Kijana akaniambia ukweli kabisa: wakati huo alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia yule mama. Angesema, "Mama, nozeli zimekufa, zilikuwa zimechoka tangu zamani, hazihusiani na servisi." Angeomba pesa ya nozeli. Angalau apate siku mbili za kufikiri.

Aliyezuia hayo yote ni fundi mmoja mzee, Mganda, anayefanya kazi ng'ambo ya barabara. Alikuja akafuta mikono, akamwita mutabani, yaani mwanangu, akamwuliza swali moja: kitu cha mwisho ulichokigusa ni kipi?

"Filta ya dizeli, mzee."

"Basi nozeli hukuzigusa. Jana zilikuwa nzima. Twende kwenye filta."

Na kuhusu lile la kumdanganya mama, mzee alisema jambo la kifundi tu. Ukimwambia nozeli atanunua nozeli, na gari bado halitawaka, na hapo utamwambia nini?

(Muziki mfupi.)

Sasa tuone ni kwa nini filta tu inaweza kuzima gari zima. Ukielewa hapa, hutahitaji kukariri kitu.

Gari la petroli lina plagi inayotoa cheche. Dizeli haina cheche. Injini inabana hewa ndani ya silinda mpaka nafasi ya karibu sehemu ishirini inabaki kama sehemu moja, na hewa iliyobanwa hivyo inapata joto la mamia ya digrii. Papo hapo nozeli inarusha dizeli kama ukungu, inawaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyeonyesha injini ya namna hii ikifanya kazi vizuri, mwaka 1897, na jina lake tunalitaja kila siku kwenye kituo cha mafuta bila kujua kwamba ni la mtu.

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba mdomo wake kwa kidole, usukume. Mkono unaingia, kisha unarudishwa, kwa sababu hewa inabanika. Jaza pampu ile ile maji, ziba, usukume. Haiendi. Maji hayabaniki, na dizeli ni hivyo hivyo. Nozeli za injini za zamani hazifunguki mpaka zipate msukumo unaozidi mara mia moja msukumo wa hewa hii tunayovuta. Pampu ya injini ikisukuma dizeli tupu, msukumo unafika. Ikisukuma dizeli yenye mapovu, mapovu yanabanika na kupanuka, yanabanika na kupanuka, na nozeli imelala tu. Unaweza kupiga stata mpaka kesho.

Kwa hiyo ukifungua njia ya dizeli mahali popote, hewa inaingia, na lazima uitoe. Kazi hiyo mafundi wengine wanaiita kutoa hewa, wengine wanasema kutoa upepo.

Lakini yule kijana alikuwa ametoa hewa. Ndiyo maana gari liliwaka jioni. Kwa nini likagoma asubuhi?

Mzee alishika pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya kikombe cha filta, akaanza kusukuma. Kwa kawaida baada ya mara kadhaa inakuwa ngumu, kidole gumba kinakataliwa. Yake haikuwa ngumu. Akasukuma mpaka akachoka, bado laini. Hiyo ndiyo dalili ninayotaka uikumbuke: pampu ya mkono isipokuwa ngumu, ama dizeli haifiki kutoka tanki, ama hewa inaingia mahali. Tanki lilikuwa na dizeli. Basi hewa inaingia.

Na kijana alikuwa ameangalia chini ya filta, hakuna hata tone linalovuja. Hapo ndipo wengi wanapotea. Kwenye magari haya filta iko kwenye upande wa kuvuta, kati ya tanki na pampu kubwa. Mahali panapovuta, mara nyingi dizeli haivuji nje. Ni hewa inayoingia ndani. Usiku dizeli ilirudi taratibu kwenye tanki, hewa ikachukua nafasi yake. Asubuhi gari liliwaka kwa ile dizeli kidogo iliyobaki kwenye pampu, ikaisha, likazima.

Wakafungua filta. Ndani kulikuwa na mipira miwili. Mpira wa filta ya zamani ulikuwa umegandia juu kwenye chuma, mweusi kama chuma chenyewe, na ile filta mpya ikafungwa juu yake na mpira wake. Mipira miwili haikai sawa. Kosa lote ni hilo.

Mzee aliung'oa ule wa zamani kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, ili asikwaruze chuma. Akafuta pale mpaka pakang'aa. Akaangalia pia kile kidude cha chini kinachopima maji, ambacho unakitoa kwenye filta ya zamani na kukihamishia kwenye mpya, maana nacho kina mpira wake mdogo, na huo nao hupotea au kukatika. Akapaka dizeli safi kwenye mpira mpya, akafunga kwa mkono mpaka mpira ukagusa, kisha akaongeza kiasi kilichoandikwa kwenye filta. Hakutumia spana kukaza. Ukikaza filta kwa hasira, mpira unajikunja, na siku ya kuifungua utalia.

Kisha wakalegeza skrubu ya kutolea hewa, wakaweka kitambaa chini, wakasukuma pampu ya mkono. Yakatoka mapovu kama ya sabuni, yakapungua, ikaja dizeli tupu. Wakaifunga skrubu dizeli ikiwa bado inatoka, si baada ya kuacha kusukuma, kwa sababu ukiacha kwanza inavuta hewa tena. Wakasukuma mpaka ikawa ngumu. Wakaazima betri ya gari lingine. Wakafungua ufunguo, wakangoja taa ya plagi za kupasha moto izime, wakapiga stata. Gari likakohoa, likatoa moshi mweupe, likatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha likatulia.

Kama lisingewaka, kwenye injini ya zamani kuna hatua moja zaidi: unalegeza kidogo nati za mirija inayokwenda kwenye nozeli, mwenzako anapiga stata sekunde chache, dizeli ikitoka bila mapovu unakaza. Sikiliza vizuri hapa, na wewe unayesomea wengine rudia mara mbili. Hatua hiyo ni ya injini za zamani tu. Gari jipya lenye nozeli za umeme na mrija mmoja mnene unaogawia nozeli zote lina msukumo unaozidi mara elfu moja ule wa hewa. Hayo usilegeze mirija ya nozeli kamwe. Na kwenye injini yoyote, usitafute uvujaji kwa kupitisha mkono au kidole. Dizeli ikirushwa kwa msukumo huo inapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kama tobo dogo tu, hata hakiumi sana mwanzoni, lakini ndani nyama inaoza na mtu anaweza kukatwa mkono. Ikikutokea, usingoje uone kama kitavimba. Nenda hospitali mara moja, na umwambie daktari wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa msukumo, kwa sababu ukisema umejichoma tu, huenda akakupa dawa ya maumivu akurudishe nyumbani.

Nirudi kwa yule wa chupa ya soda. Kumwaga petroli kwenye njia ya hewa ya dizeli ni hatari. Plagi za kupasha moto zimeshakuwa nyekundu, petroli inawaka kabla ya wakati wake, pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda. Unaweza kupinda chuma ndani, au moto ukarudi usoni kwako. Sijui nani aliyetufundisha ujanja huu, lakini yuko kila kambi.

Na stata usiishikilie. Sekunde kumi, uache ipumzike dakika moja. Ukipiga mara tatu nne bila dalili yoyote, acha, kwa sababu haitakuambia kitu kipya.

Wenye mashine za kusaga, kwenu ni rahisi zaidi. Injini nyingi za kusaga zina skrubu ya kutolea hewa kwenye filta, na mara nyingi nyingine kwenye pampu. Anza na iliyo karibu na tanki, umalize na iliyo karibu na nozeli. Ni kama kutoa hewa kwenye mpira wa kumwagilia: unafuata maji yanakotoka kwenda yanakokwenda. Na kama umeacha tanki likauka kabisa, utafanya kazi hii hata kama filta hukuigusa.

Kambini kuna jambo jingine: dizeli ya jerikani. Jerikani lililokuwa la maji, jerikani lililokaa wazi usiku wa mvua. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini. Liache jerikani litulie, mimina taratibu, na kile cha mwisho chini usikitie kwenye tanki hata kama roho inauma. Na unuse kabla ya kumimina. Kama umeshatia petroli kwenye tanki la dizeli, usizungushe ufunguo hata kidogo. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu, petroli inaikausha. Ikiwa bado iko kwenye tanki tu, unaimwaga na kuosha tanki, basi. Ukishawasha, imeingia kila mahali.

(Muziki mfupi.)

Nina dakika chache, niseme la oili, maana kijana alibadilisha na oili pia, na hapo wengi wanakosea kwa namna mbili.

Ya kwanza, unalala chini ya gari, unaona bolti, unafungua, oili inamwagika, kumbe ni ya giaboksi. Kisha unapanda juu unajaza injini, ambayo hukuimwaga. Sasa giaboksi ni tupu, na injini ina oili karibu mara mbili. Dalili ni kijiti cha kupimia: oili imepanda mbali juu ya alama ya juu. Ukigundua hapo kabla ya kuwasha, una bahati. Usiwashe hata kujaribu. Punguza oili ya injini mpaka irudi kati ya alama mbili, jaza giaboksi oili yake, si ya injini, na endelea na maisha.

Oili ikizidi, shafti ya chini inaipiga mpaka inakuwa povu, na povu halilainishi. Halafu inaweza kusukumwa mpaka ikaingia kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli haibagui, inaunguza oili kama dizeli. Gari linaanza kunguruma lenyewe, kasi inapanda, moshi unajaa mtaa mzima, unazima ufunguo na halizimi. Likiwa la giabokisi ya mkono na umo ndani, tia gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi, lizimike. Ukiwa nje, linazimwa kwa kuziba njia ya hewa kwa ubao au kitu kigumu kilichonyooka. Si mkono, si shati, vitavutwa ndani. Kama huwezi kufika hapo salama, kaa mbali na uwaondoe watoto.

Ya pili ni ile ile ya mipira miwili, safari hii kwenye filta ya oili. Hapa upande ni wa kusukuma, kwa hiyo oili inavuja nje kwa kasi, na injini inaweza kubaki bila oili ndani ya dakika chache. Washa, shuka, angalia chini kwa tochi kabla ya kwenda popote. Taa nyekundu ya oili isipozima, zima injini mara moja.

Mnataka kujua yule mama alisema nini. Kijana alimpigia simu saa nne asubuhi, akamwambia, "Mama, kosa ni langu, niliacha mpira wa zamani ndani, sasa gari linawaka." Alikasirika, maana mboga zilikuwa zimekwenda kwa gari la mtu mwingine. Akamkata pesa ya safari ile. Kijana anasema pesa ilimuuma, wiki hiyo alikula ugali na chumvi. Lakini mama anamletea gari mpaka leo, na kila mara anamwuliza: "Umehesabu mipira?"

Sasa kijana ana desturi moja. Kila kitu anachokitoa kwenye gari anakipanga juu ya gunia kwa mpangilio aliokitolea, na filta ya zamani haitupi mpaka gari limelala usiku mmoja na kuwaka asubuhi. Akiifungua tu, anaigeuza kutazama kama mpira wake umetoka nayo. Nimeona gunia lenyewe. Limeloa oili kiasi kwamba linaweza kusimama peke yake.

Oili chafu aliyoimwaga siku ile aliiweka kwenye jerikani la lita tano, akampa fundi wa Katwe anayepaka kwenye vyuma visishike kutu. Huko mjini ukiimwaga kwenye mtaro, maji ya mvua ya sehemu kubwa ya Kampala yanaingia mfereji wa Nakivubo, yanakwenda ziwani, upande ule ule ambako maji ya kunywa ya jiji yanavutwa, Ggaba. Kambini usiimwage karibu na bomba wala kisima. Na usiipake mtoto kwenye upele, nimesikia watu wanafanya hivyo. Ina uchafu wa chuma na masizi ndani yake.

Kama una swali, liandike kwenye karatasi, umpe kiongozi wa kikundi chako cha kusikiliza, litanifikia. Wiki ijayo ni betri: kwa nini inakufa, na ni lini fundi anakudanganya kwamba imekufa.

(Muziki wa kufunga.)